Kondoo wa Jicho la Taban

Simu iliingia nikiwa naosha vyombo vya asubuhi, na kabla sijaipokea nilishajua. Shemeji yangu wa Koboko hapigi simu asubuhi. Yeye ni mtu wa kubipu jioni, tena akiwa na shida. Alisema, "Hawa, Baba amekwenda," nami nikakaa juu ya ndoo, mikono imejaa povu, nikasema yale maneno ambayo Mwislamu husema. Nilikuwa nikidhani siku hiyo ikifika nitamlilia baba yangu kwanza, kama watoto wa watu. Wapi. Wazo la kwanza lililoniingia lilikuwa: nani atamwambia Swaibu? Jibu nilikuwa nalo, kwa sababu katika nyumba yetu kila kitu kinachokwenda kwa Swaibu, kiwe chakula au msiba, lazima kipitie mikononi mwangu. Simu yake huzimwa akiwa kazini, hataki kelele. Basi nikajifunga leso, nikapanda bodaboda kutoka hapa Arua mpaka Inde, ambako kaka yangu anatengeneza redio na mitambo ya sola pembeni mwa soko.

Nilimkuta ameinamia redio iliyofunguliwa mgongo. Hakuinua kichwa, aliona viatu vyangu tu, na mimi siendi Inde bila sababu. "Nani?" akauliza. Nikamwambia. Aliweka bisibisi chini polepole, akaipanga na zile nyingine, kisha akasema, "Alikuwa amekula?" Nikasema sijui, amekufa alfajiri. "Anazikwa lini?" "Leo, baada ya alasiri." Akaitikia kwa kichwa. "Tangulia. Mimi nafunga kibanda, nakuja." Maneno hayo nayajua. Ananiambia hivyo kila Idi na kila harusi ya nyumbani, nami hutangulia, naye haji. Mvi zimemjaa kichwani, na zangu nazifunika kwa leso, lakini akitajwa Baba tunarudi kuwa wale wale wa mwaka ule, yeye kijana wa jela, mimi msichana wa kubeba sufuria. Nilitaka kumwambia kwamba safari hii Baba hatamngoja. Nikaona nitalia mbele ya wateja wake, nikaondoka. Njia nzima ya kurudi Arua na kupanda Koboko nilikuwa naangalia nje na kuuona mwaka ule tu.

Mwaka ule tulikuwa tumepanga chumba Oli, mtaa wa hapa hapa Arua, karibu na mto, mahali ambapo mvua ikinyesha sana vyura wanahamia kwako bila kupiga hodi. Chumba kimoja, pazia katikati. Upande wangu palikuwa na godoro na cherehani, upande wake vitabu, redio, na vijana. Nasema vijana kwa sababu hawakuisha. Mimi nilikuwa najifunza kushona kwa mama mmoja wa Kinubi karibu na msikiti, na Swaibu alikuwa amemaliza chuo, hana kazi, amejiunga na chama cha upinzani, wakamfanya kiongozi wa vijana. Walikuja jioni kunywa chai yangu na kuiondoa serikali. Waliiondoa kila jioni, asubuhi ikarudi. Niliwaambia hivyo, wakacheka, wakaniita Mama Usalama, eti nasikiliza nyuma ya pazia ili nikawachongee. Kweli nilikuwa nasikiliza. Chumba chenyewe kile, ningeweka wapi masikio yangu? Nilikuwa napika majani ya kunde kwa simsim huku nikimsikia kaka yangu akiongea kwa ile sauti yake ya chini, isiyokimbia, sauti ambayo watu walikuwa wanaacha kutafuna ili waisikie. Alikuwa akiongea juu ya kituo kimoja cha afya huko kwetu Koboko, ambako wanawake walijifungulia gizani, mkunga ameuma simu ya tochi kwa meno. Hakutia chumvi. Binamu yetu alijifungulia humo, akatoka bila mtoto.

Chama kiliwapa kipaza sauti cha mkononi, na kama kawaida kikawapa kibovu. Kifuniko cha betri kilikuwa kimevunjika, kwa hiyo ili kiseme, mkono mmoja ulibonyeza kitufe na mwingine ulibana betri zisianguke. Swaibu alifanya nacho mazoezi humo chumbani. "Raia Hawa," kikanguruma, "leta chumvi." Nilimpelekea chumvi huku nikimtukana, na majirani wakagonga ukuta. Nataka mtu akumbuke ile mikono miwili, kwa sababu mimi nimeikumbuka maisha yangu yote.

Siku ya maandamano ya kile kituo cha afya nilikuwa huko huko Koboko, nimekwenda kumsalimia Baba. Swaibu na wenzake walitoka sokoni wakipanda barabara kuelekea maofisini, wengi kuliko tulivyotarajia, hata akina mama wa Sudan Kusini waliokuwa wakiuza sabuni waliacha meza zao wakafuata. Swaibu alikuwa mbele, mikono yote miwili juu ya kile kipaza sauti chake. Gari moja la serikali likaja kwa nyuma, likapiga honi, likajaribu kupita katikati ya watu. Mawe yakaruka kutoka huko nyuma. Nilisikia kioo kikivunjika, kisha nikaona dereva ameshuka, ameshika uso, na damu inapita katikati ya vidole. Alikuwa Taban. Kila mtu Koboko alimjua Taban, ndiye aliyekuwa akiendesha gari la timu ya mpira, akipiga honi mji mzima tukishinda. Maandamano yaliishia pale pale. Jicho la kushoto halikupona.

Polisi walikuja Oli siku chache baadaye, wakati wa chakula cha mchana. Nilikuwa nimepika kisra, ile mikate myembamba kama kitambaa, na Swaibu alikuwa ameketi mkekani akichovya mchuzi. Waliokuja walikuwa na adabu, hilo siwezi kuwanyima. Mmoja alimwambia amalizie kula. Swaibu akasema asante, akamalizia, akanawa, akavaa viatu, akaniambia, "Hawa, usifunge mlango na komeo, nitarudi jioni." Walimshitaki kwa mkutano usio na ruhusa, kwa kuchochea ghasia, na kwa jicho la Taban. Sahani yake niliiacha pale pale mpaka giza likaingia, nikijiambia nitaiosha akirudi.

Baba alinipigia niende Koboko kupika. Hapo ndipo nilipojua kwamba wazee wameketi. Sasa lazima nieleze jambo ambalo watu wa kwetu hawaelezwi, maana wamezaliwa nalo. Kwetu, damu ikimwagika kati ya koo mbili, hakuna anayeanza kwa kuuliza nani alirusha jiwe. Ukianza na swali hilo, watu watakufa kabla hujapata jibu. Wazee wa upande ule unaolaumiwa wanatangulia. Wanapeleka kondoo, wanainamisha kichwa, wanaomba msamaha kwa niaba ya watoto wao wote, aliyefanya na asiyefanya. Wakisamehewa, wanakula pamoja kondoo huyo, na mtu akishakula hana ruhusa ya kuyafufua maneno. Msamaha unatangulia, ukweli utakuja nyuma kwa miguu yake mwenyewe, na usipokuja pia hakuna anayekwenda kuutafuta. Mimi nimekua hivyo. Swaibu amekua hivyo. Na kulikuwa na haraka, kwa sababu ndugu zake Taban walikuwa wengi, watu wa jeshi, na mmoja wao alishapita sokoni akisema anamtafuta yeyote aliyekuwa nyuma siku ile, hata awe mtoto wa shule.

Wazee walikuwa sebuleni kwa Baba, mimi jikoni na kahawa ya tangawizi, ukuta mmoja katikati. Walimwita Baba Sajini, cheo alichotoka nacho jeshini zamani. Mmoja akasema, "Sajini, iko haraka. Ile vijana ya Taban iko na hasira." Mwingine akauliza kama wamngoje Swaibu atoke kwanza. Nikamsikia Baba akisema kwa Kiswahili chake cha kambini, "Hapana. Mutu iko nalala na jicho moja, mimi nangoja nini? Mimi nakwenda kesho." Nikawamiminia kahawa, nikamwangalia baba yangu, nikaona fahari. Ndiyo, fahari. Sitaki kusema leo kwamba nilihisi hatari. Hakuna aliyehisi.

Tulikwenda nyumbani kwa Taban na kondoo mweupe. Kama desturi inavyotaka, tulikwenda na mashahidi: mwenyekiti wa kijiji, shehe, katekista wa upande wao maana wao ni Wakristo, na ofisa mmoja wa polisi aliyealikwa ili serikali nayo ione kwamba Koboko imetulia. Baba alisimama uani, akavua kofia. "Sisi nakuja kwa sababu ya jicho," akasema. "Hii jicho ilitoka mikononi mwa watoto wetu, na mtoto yangu ndio alikuwa mbele yao. Mimi kama baba, naweka kichwa chini. Mutusamehe." Taban alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kichwa kimefungwa bandeji. Kuku wakaanza kupita katikati yetu. Kisha akasema, "Baba, inua kichwa. Imekwisha." Wanawake wa pande zote mbili tukaingia jikoni. Mke wa Taban alinikabidhi vitunguu nimenye, tukakaa kwenye vigoda mimi na yeye, akaniambia bila kuniangalia, "Leo mimi namshukuru Mungu kwa vitunguu. Nalia na hakuna mutu nauliza." Tukala sahani moja. Ofisa wa polisi naye alikula, akaomba mchuzi mara ya pili, akasema hajui kama amewahi kuonja kondoo mtamu hivi tangu aje West Nile.

Nilimpelekea Swaibu habari hizo gerezani kama mtu anayepeleka zawadi. Siku ya kuona wafungwa tulikaa kwenye mabenchi, yeye na zile nguo za njano zilizompwaya mabegani. Nikamweleza yote, hata mchuzi. Unajua aliniuliza nini? Aliuliza Taban anaendeleaje, kama jicho la pili linaona vizuri. Kisha akashusha pumzi, akasema, "Baba amefanya vizuri. Mwambie amefanya vizuri." Nilifikisha ujumbe huo, na Baba aliupokea akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu kaka yangu akamatwe. Basi tulikuwa sote hivyo, mzee na kijana, msomi na asiyesoma, tumetulia, tunangoja mahakama iambiwe kwamba mambo yamekwisha imfungulie mlango.

Aliyeshtuka alikuwa wakili. Wakili Drani alikuwa kijana wa Arua, Mlugbara, chama ndicho kilichomtafuta. Nilikuwa namsimulia habari za kondoo kwenye veranda ya mahakama, kule juu ya kilima zilipo ofisi za serikali, akafunga faili lake, akaniuliza taratibu nani alikuwepo. Nikamtajia. Nilipofika kwa ofisa wa polisi alifumba macho. "Dada Hawa," akasema, "mmempelekea mwendesha mashtaka ushahidi, tena mkampikia." Nilimwona mtu wa ajabu. Nikamwambia si ushahidi, ni msamaha, na yeye ni wa hapa hapa, anajua. "Najua," akasema. "Hakimu ndiye hajui. Ametoka mbali."

Jioni ya kuamkia siku ya Baba kutoa ushahidi, wakili alikuja Oli. Baba alikuwa amefika kutoka Koboko, amekaa upande wa Swaibu wa pazia, juu ya godoro la mwanawe, koti lake limetundikwa msumarini. Mimi nilikuwa nje mlangoni na jiko la makaa, nachoma mahindi ambayo hakuna aliyeyala, nasikia kila neno. Wakili alimweleza kwa upole. Kesho, akasema, Mzee utasimama, nitakuuliza kuhusu ule msamaha. Sema kwamba ulikwenda kutuliza watu tu. Sema mwanao hakukosa kitu, na maneno yale uliyatamka kwa mdomo, hayakuwa na uzito. Baba akamuuliza, "Taban atakuwa pale ndani?" Wakili akasema ndiyo, atakuwa. Mahindi yaliungua upande mmoja, sikuyageuza. "Wewe mutoto ya nani?" Baba akauliza. Wakili akataja jina la baba yake na kijiji chao. "Basi wewe najua nini iko ndani ya hiyo maneno." "Najua, Baba," akasema wakili, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikupiga simu. Lakini usiposema hivyo, Swaibu hatoki." Alipoondoka alinipita pale mlangoni bila kuniaga. Nikaingia, nikamkuta Baba amelalia mto wa Swaibu, macho wazi. Nikamwomba. Nilipiga magoti, wallahi, nikamwambia, Baba, sema tu, Mungu anajua moyo wako. Akaniambia nikalale.

Chumba cha mahakama kilinuka rangi mpya. Taban ndiye aliyetangulia, ameitwa na upande wa mashtaka, ingawa yeye alidhani amekuja kumtetea kaka yangu. Alivaa shati jeupe la kanisani. Akaongea na hakimu kwa uso mkunjufu, mkalimani akifuata nyuma. "Mimi sina neno na huyu kijana. Baba yake alikuja kwangu, aliomba msamaha, sisi nakula pamoja. Mimi nimemsamehe Swaibu kabisa. Naomba mahakama pia imsamehe." Kisha akamgeukia Swaibu kizimbani, akamwinulia mkono, na Swaibu akamwinulia wake. Mwendesha mashtaka hakuwa na kazi tena. Alimuuliza swali moja: alimsamehe kwa kosa gani? "La jicho," akasema Taban, kana kwamba ameulizwa jina lake. Alirudi kukaa akiwa ameridhika, akanikonyeza kwa lile jicho lililobaki, akidhani ametusaidia.

Kisha Baba. Wakili Drani alijaribu, nampa haki yake. Alieleza desturi yetu tangu mwanzo mpaka mwisho. Alieleza kipaza sauti na mikono miwili. Hakimu alisikiliza kwa heshima, akaandika, akasema desturi hiyo ni nzuri na angependa kwao iwepo, lakini yeye ana swali moja tu, kama kijana hakufanya, msamaha ulikuwa wa nini. Ndipo wakili akamgeukia Baba. "Mzee, ule msamaha ulioomba, ulimaanisha kwamba mwanao alikosa?" Nilimwona Baba akiangalia watu. Alimwangalia Swaibu, na Swaibu alikuwa anamwangalia yeye kwa macho ya mtoto anayengoja kubebwa. Kisha akamwangalia Taban, amekaa safu ya mbele na shati lake jeupe, mkewe pembeni, ndugu zake nyuma yao. "Mimi naliomba msamaha," akasema. "Ile msamaha iko. Mimi sitaiondoa." Wakili akauliza tena kwa njia nyingine, karibu kumsihi. Baba akasema, "Hata leo naomba." Swaibu alifungwa miaka mitano. Walipomshusha kizimbani alipita karibu na Baba, karibu kabisa, na hakumtazama.

Kuanzia hapo maisha yangu yalikuwa sufuria. Niliacha ushonaji, nikawa nauza mandazi asubuhi, na siku za kuona wafungwa nambebea kaka yangu chakula. Kabla hajafunua kifuniko, Swaibu aliuliza, "Nani amepika?" Nikisema mimi, hapa Oli, alikula. Nikisema kimetoka nyumbani kwa Baba, alikisukuma kwa wenzake bila kukitazama, tukazungumza mambo mengine. Kila mwezi Baba alishuka kutoka Koboko na chupa ya kahawa na sahani ya ugali wa muhogo uliofunikwa kwa majani. Swaibu alikataa kumwona, kwa hiyo mzee alikaa nje ya uzio, kwenye jiwe, katika jua lile, kofia magotini. Nikitoka alisimama. "Amekula?" Nikamwambia, sahani imerudi tupu, Baba. Ilikuwa imerudi tupu kweli, wafungwa wenzake hawakuacha hata chembe. Akaifuta kwa kiganja, akaifunga kwenye kitambaa chake, akaenda zake. Nilimchukia siku hizo. Nilimhurumia pia, na vyote viwili vilinichosha.

Siku moja nilimwambia. Tulikuwa tumekaa pale nje ya uzio, akaniuliza, "Wewe pia iko na hasira na mimi?" Nikasema ndiyo. Akaitikia, hakuonekana kushangaa. Akamimina kahawa kwenye kifuniko, akanipa mimi kwanza. "Mimi ningesema ile maneno ya wakili," akasema, "Swaibu natoka. Halafu ndugu ya Taban wataanza kutafuta mutu ingine. Hawa, iko kijana moja alirusha ile jiwe. Mimi sijui jina yake. Lakini yeye pia iko na baba." Nilikunywa ile kahawa, nikaungua ulimi. Nilitaka kumwambia kwamba huyo baba mwingine hakai hapa juu ya jiwe. Sasa nimezaa, nimelea, na bado sijui ningefanya nini mahali pake. Watu wakiniuliza nani alikuwa na haki, mimi nawaambia nendeni mkaulize wasiokuwa na ndugu.

Swaibu alitoka amekonda, sauti yake imekuwa ya mtu anayejibu tu. Siasa aliacha. Alihamia Inde, akajifunza redio, akaoa, akapata watoto, na kila mtoto nilimpeleka mimi Koboko aonwe na babu yake. Yeye mwenyewe alipita Koboko mara chache, akasimama barabarani, akasalimia kwa mbali. Ndani ya nyumba ya Baba hakuingia, na chakula cha nyumba ile hakukigusa. Baba aliuliza swali lile lile kila nikitoka Inde, mpaka uzee wake ulipomchanganya na akasahau majina ya wengine wote. "Amekula?"

Nilipofika Koboko uani palikuwa pamejaa. Baba alishakoshwa na kuvikwa sanda, jeneza liko kwenye kivuli cha nyumba. Sisi wanawake tulikuwa upande wa jikoni, moto umewashwa chini ya sufuria kubwa. Niliangalia barabara mara nyingi hadi shangazi akanivuta mkono. Shehe alisimama, akauliza nani katika wanawe atasema kwa niaba ya marehemu kabla hajabebwa. Amu yetu alikuwa ameanza kuinuka, maana wote walishazoea kwamba ndiye anayesema mahali pa Swaibu. Bodaboda ikasimama njiani. Swaibu alishuka na vumbi la kutoka Inde mpaka Koboko kwenye nyusi, akapita katikati ya watu, nao wakampisha. Amu akakaa chini tena.

Alisimama karibu na jeneza, hakuligusa. Alivua kofia. "Mimi ni Swaibu, mtoto wa marehemu," akasema, na ilikuwa ile sauti ya Oli, sikuwa nimeisikia tangu ujana wangu. "Kama baba yangu alimkosea mtu." Nilisikia kuni zikilia motoni. Mtu mmoja akakohoa. "Kama alimkosea mtu yeyote, mimi nainamisha kichwa. Naomba msamaha kwa niaba yake." Na kweli aliinamisha. Wa kwanza kujibu alikuwa Taban, mzee sasa, amesimama na fimbo mstari wa mbele. "Tumesamehe," akasema, na uwanja mzima ukafuata, tumesamehe, tumesamehe. Nami niliangaza macho uwanja wote nikitafuta mtu ambaye Baba alimkosea, nikamwona mmoja tu, bado kichwa chake kiko chini.

Walimbeba, wakamzika, wakarudi na udongo miguuni. Watu walikaa kwenye mikeka kungoja chakula. Nilikuwa nimeshika mwiko Swaibu alipokuja mpaka mlango wa jikoni, akasimama hapo, mkono kwenye fremu, hajui aingie au arudi. "Hawa," akasema. "Iko chakula?" Nikachukua ugali, nikamwagia kunde, nikampa. Akaishika sahani kwa mikono miwili, akaitazama, akaniuliza lile swali lake. "Nani amepika?"

"Nyumba ya Baba," nikasema.

Alinawa mikono, akakaa kizingitini, akala. Alikula yote, machozi yanaingia kwenye mboga, na mimi nikasimama pale nikingoja, na ilipokwisha niliichukua ile sahani tupu, nikageuka ili nimpelekee mtu habari, nikakumbuka kwamba hayupo tena wa kuuliza.